Mia Kamili: Maisha ya Bi Maharage wa Maabara

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alifuatiwa na mdogo wake wa kiume, aliyekuwa mwashi, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu.

Shuleni alikuwa na maswali mengi hadi walimu wakawa wanamkwepa. Mwalimu wa sayansi alipoeleza kwamba kwa karne nyingi watu walisingizia hewa mbaya na uchawi kuwa ndivyo vinavyoleta magonjwa, mpaka vijidudu vilipoonekana kwenye hadubini, aliuliza, "Kwani muda wote huo vilikuwa wapi?"

"Palepale, mwanangu. Ni watu tu hawakuviona."

Alihitimu mafunzo ya maabara mwaka 1973, akaajiriwa kupima makohozi ya wagonjwa wa kifua. Tarehe 7 Agosti 1976 aliolewa na dereva wa gari la wagonjwa, mtu mpole asiye na makuu, wakajaliwa mabinti wawili.

Juni 1989 mdogo wake alipeleka makohozi kwenye maabara yake yapimwe. Sheria ya kazi ni kutazama sehemu mia za slaidi, kile kioo kilichopakwa makohozi, kabla ya kusema hakuna ugonjwa. Marehemu alitazama arobaini, akaandika hakuna. Septemba mdogo wake akakohoa damu juu ya jukwaa la ujenzi. Slaidi za zamani zilikuwa bado sandukuni. Marehemu aliitoa ile ya Juni, akairudia, na kwenye sehemu ya sitini na mbili akavikuta vijidudu viwili, vyekundu. Angeweza kuivunja, na nani angejua? Aliipeleka kwa mkuu wake, kisha akaenda wodini.

"Niliishia arobaini," alisema. "Nilitaka uwe mzima."

"Sasa huko kutaka kwako nikuweke wapi, dada? Kwenye pafu?"

Pafu moja liliharibika, na uashi ukaishia hapo. Kwa miaka mingi mdogo mtu alimpa dada yake salamu, lakini chakula cha kwake hakukigusa.

Tangu hapo marehemu aliweka maharage mia kwenye bakuli mezani, akihamisha moja kwa kila sehemu aliyotazama. Wenzake walimtania, "Bi Maharage, leo yataiva?" Naye akijibu, "Yakifika mia." Alistaafu mwaka 2011, bakuli akamwachia aliyeshika nafasi yake.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Alhamisi, tarehe 1 Februari 2024, mdogo wake alikwenda hospitali na neno mdomoni. Alimkuta amelala, akaona asimwamshe, atasema kesho. Ijumaa saa kumi na moja alfajiri dada yake alifariki.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano na mdogo wake. Neno lenyewe ni hili: alikwisha kusamehewa zamani, ni kiburi tu kilichomziba mdogo wake mdomo, na kinamuuma leo. Yeye naye aliishia arobaini.

Dada, mia imetimia. Pumzika.