Mzee Kastori Anaondoka na Landrova Aliyoiunda Uani

Ijumaa hii, tarehe 29 Mei, Mzee Kastori Barutwanayo anastaafu baada ya kulitumikia Shirika la Mbegu za Milimani kwa miaka ishirini na mitatu, kwanza katika tawi la Muyinga, kisha hapa makao makuu Gitega. Kwenye karatasi cheo chake ni dereva na fundi wa magari. Yeye mwenyewe husema kwamba ndiye aliyekuwa akiliendesha shirika, na wakurugenzi walikuwa wakikaa kiti cha kando.

Alizaliwa Giteranyi, akakulia Ulyankulu, Tanzania, ambako alijifunza ufundi kwenye malori ya tumbaku. Aliporudi nyumbani alikuwa na mke, binti mmoja aitwaye Jeska, sanduku la spana na Kiswahili ambacho madereva wenzake wa Muyinga walikiita cha redioni. Siku ya kuomba kazi alionyeshwa gari lililokuwa limegoma na kuambiwa aliwashe. Aliliwasha. Kisha akaeleza, kwa sauti iliyofika mpaka ofisi ya uhasibu, kwamba gari halikuwa na ugonjwa wowote isipokuwa namna bosi alivyokuwa akikanyaga klachi. Aliajiriwa hata hivyo, jambo linaloonyesha kwamba shirika hili limewahi kuwa na mabosi wavumilivu.

Hakuna mfanyakazi mpya ambaye hajawahi kubamiza mlango wa gari la Mzee Kastori, na hakuna aliyeubamiza ambaye hakushushwa aufunge tena kwa adabu. Nilipofika hapa, nikiwa na diploma yangu mpya na haraka nyingi, niliambiwa: "Mademoiselle, huo ni mlango, si mjadala." Nikaufunga upya. Tangu siku hiyo sijabamiza mlango wowote, hata ule wa nyumbani, hata nikiwa na sababu.

Kuhusu kazi yenyewe, wakulima wa Gashoho na Buhinyuza ni mashahidi bora kuliko sisi. Mwaka ule mto ulipofunika daraja kwenye njia ya Buhinyuza na magari mengine yakageuka, Mzee Kastori alisimama, akaufungua mkanda wa feni ili feni isirushie injini maji, akavuka taratibu kama mtu anayebeba uji wa moto. Mbegu za maharage zilifika zikiwa kavu, na watu walipanda kwa wakati. Hayo ni ya kweli kabisa. Kina cha maji ndicho chenye utata. Alipotusimulia mara ya kwanza yalikuwa ya magotini. Mwaka jana yalikuwa yamefika kwenye boneti, na angeongezewa muda kazini naamini tungekutana na kiboko.

Ana kasoro moja inayojulikana: ushauri hapokei. Huusikiliza wote, akitikisa kichwa kwa heshima, kisha hufanya alichokuwa amekusudia tangu asubuhi.

Lakini mwaka huu wake wa mwisho, safari za kazi hazikuzungumziwa sana. Ofisini, kwenye foleni ya mazutu, yaani dizeli, hata kanisani, habari ilikuwa Landrova.

Mzee Kastori ana shamba Giteranyi, kwenye kilima cha baba yake, na amejenga huko nyumba nzuri ya mabati, yenye mlango wa bluu unaoonekana tangu bondeni. Kasoro ya nyumba hiyo ni njia. Huko wanapanda kwa miguu, na wenye baiskeli wanazisukuma. Mke wake, Mama Gaudensia, fundi cherehani ambaye nusu ya sare za shule za Gitega zimepita mikononi mwake, ana goti bovu. Krismasi ya mwaka juzi goti lilivimba wakiwa huko juu, ikabidi ateremshwe kwa ngobyi, ile machela yetu ya kubebea wagonjwa, mabegani mwa wanaume wanne, watoto wakikimbia mbele kutangaza. Aliporudi mjini alitoa sharti moja, mbele ya wageni, ili lisije likasahaulika.

"Baba Jeska, kwenye kile kilima nitahamia siku gari litakaponishusha mlangoni. Mlangoni, sikusema kwenye mikaratusi ya katikati ya njia. La sivyo, nenda ukastaafu na mbuzi wako."

Kwa hiyo kustaafu kwa Mzee Kastori hakukuwa suala la tarehe. Suala lilikuwa kama atakwenda na mke wake au atakwenda peke yake. Alitania kila mtu kuhusu jambo hilo, na sisi tuliokaa naye garini saa nyingi tulijua kwamba hatanii.

Alianza na Landrova kuukuu aliyoikuta nyuma ya karakana ya mbao hapa Gitega, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Injini yake ya petroli ilikuwa imepasuka. Kwa kilima cha Giteranyi alitaka injini ya mazutu, inayovuta kwa nguvu hata ikizunguka polepole, na akaipata Muyinga, ndani ya Hiasi iliyopinduka: bodi ilikuwa imekufa, moyo ulikuwa mzima. Injini ilisafiri mpaka Gitega juu ya lori la vitunguu, na kwa wiki nzima ua wake wa mtaa wa Magarama ulinuka mchuzi.

Aliitundika uani kwenye miti mitatu ya mkaratusi iliyofungwa kileleni kwa mnyororo. Mama Gaudensia, ambaye hapotezi pa kuanikia, akaanika nguo hapo hapo. Giaboksi ilikaa sebuleni msimu mzima wa mvua, nayo aliifunika kwa kitambaa cha kufuma. Tunaambiwa wanakwaya walikuja kwa ajili ya sala, wakaizunguka, wakaweka vikombe vya chai juu yake, na mmoja akasifu meza ile kwa uimara.

Injini ya Hiasi na giaboksi ya Landrova hazikuzaliwa mama mmoja. Matundu ya bolti hayakutani. Kazi ya kuzioanisha alipewa Matata, mchomeleaji wa Nyamugari, ambaye alikata sahani nene ya chuma ya kukaa kati yao. Sahani ya kwanza ilipinda. Ya pili ilikaa pembeni kidogo tu, na klachi ikalia kama mtoto aliyenyimwa andazi. Ya tatu ilikaa sawa. "Mzee, hii ni ndoa," alisema Matata akijifuta jasho. "Na mi ndiye shehe."

Ikabaki difu ya nyuma, ile inayogeuza magurudumu, kwa sababu ya zamani ilikuwa imekwisha meno. Mzee Kastori alipata nyingine, ya gari la aina tofauti, imara kuliko ya kwanza, ila tumbo lake lilikuwa kushoto na shafti ya Landrova hutokea kulia. Matata alishauri waikate na kuichomelea upya. Ushauri! Mzee Kastori akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akaipindua chini juu. Tumbo likaja kulia, shafti ikaingia vizuri, na akatuambia kazini kwamba mambo mengine hayahitaji moto, yanahitaji akili.

Siku ya majaribio ilikuwa Jumapili baada ya misa. Majirani walijaa uani, na sisi wa ofisini tulikuwepo. Mzee Kastori alivaa tai. Alituamuru sote tuondoke mbele, kwa sababu gari lenye injini mpya huweza kuruka, na sisi, watu watiifu, tukaenda kusimama nyuma. Injini iliwaka mara ya kwanza, tukapiga makofi. Akaingiza gia namba moja, akaachia klachi, na Landrova ikatujia sisi.

"Mzee, mbele! Mbele!" Matata alikuwa amening'inia mlangoni. "We unarudi nyuma!"

"Hii ndiyo mbele!"

"Mi niko naona nyuma!"

Akaingiza gia ya pili, akitumaini, na Landrova ikarudi nyuma kwa kasi zaidi. Ilipita katikati ya shuka za Mama Gaudensia, ikavunja uzio wa matete, na kusimama ndani ya viazi vitamu ikiwa imevaa foronya. Hakuna aliyeumia, isipokuwa viazi. Mzee Kastori alijaribu gia zote kabla hajashuka, na hesabu ikawa hivi: gari lake lilikuwa na gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele.

Mama Gaudensia alikuja akichechemea mpaka kwenye dirisha la dereva. "Baba Jeska," alisema, "kwa hiyo tutakwenda Giteranyi tukiiangalia Gitega?"

Jumatatu hakuna aliyethubutu kumuuliza kitu. Jumanne alianza kueleza faida za gari la namna ile, hasa kwenye miteremko. Jumatano aliacha kueleza, akaazima tochi ya ofisi. Kila jioni alilala chini ya Landrova akiangalia juu, na muda wake wa kazi ulikuwa unakwisha.

Aliyelitatua tatizo ni Mama Gaudensia, akiwa kibarazani anashona kola. "Kuna kitu umekipindua," alimwambia bila kuinua uso. "Mkanda wa cherehani yangu ukivishwa msalaba, mimi nakanyaga mbele, gurudumu linarudi nyuma. Umepindua nini, Baba Jeska?"

Jambo hili nimelifikiria mara nyingi. Angenyamaza tu. Wateja wake wako Gitega, kwaya yake iko Gitega, hospitali iko karibu, na sharti lake lilikuwa linaelekea kushinda lenyewe. Alitazama difu iliyolala kichwa chini, akamwona mumewe amelala kando yake, akasema. Mzee Kastori anatuhadithia kisa hiki kama kisa cha difu. Sisi wengine tulisikia kitu kingine ndani yake.

Difu ilikatwa na kuchomelewa upya, kama alivyoshauri Matata, ambaye mpaka leo hajasikia neno "ulisema kweli" na ameacha kulisubiri.

Safari ilifanyika Jumamosi moja ya Aprili, mvua zikiwa katikati. Mama Gaudensia alikaa mbele. Nyuma tulibanana Matata na watu watatu wa ofisini, tukiwa na jeki, majembe na sufuria ya wali. Tulipita Karuzi, tukafika Muyinga ambako wenzetu wa tawi walitupokea kwa makelele na kutufuata kwa pikipiki, tukaingia Giteranyi tukiwa msafara wa harusi isiyo na bibi harusi. Chini ya kilima watu walikuwa wamesimama na baiskeli zao. Mzee mmoja alisema gari halijawahi kupanda pale. Mzee Kastori alimwamkia vizuri, akaingiza gia nzito, akaanza.

Ilipanda. Nasema hivyo kwa ufupi kwa sababu sina namna ya kuisema kwa urefu: matope yaliruka mpaka juu ya turubai, mawe yaligonga chini, Matata alisoma dua zote anazozijua, na injini ile ya Hiasi, iliyozoea kupakia watu wa sokoni, ilinguruma polepole na kupanda. Ilipita mikaratusi. Ikapita kibanda cha ndizi. Iliingia kwenye kiwanja cha nyumba yake, mbele ya mlango wa bluu, na hapo, kwenye udongo laini uliolimwa wiki ile, ikazama mpaka tumboni.

Kutoka pale mpaka mlangoni palikuwa na umbali wa mtu kumrushia mwenzake chungwa.

Alijaribu mbele, akajaribu nyuma. Magurudumu yalichimba tu. Vijana wa kilimani walikuja mbio kusukuma, na Mama Gaudensia akatoa mkono dirishani. "Acheni! Gari la miguu ya watu nilishalipanda hapa hapa. Lilikuwa na miguu minane. Mwacheni mwenyewe."

Wakaacha. Mzee Kastori alizima injini. Aliutazama usukani. "Bado kidogo, Mama Jeska," alisema. "Sikukufikisha."

Sharti lilikuwa sharti, na sote tulikuwa tunalijua kwa moyo.

Mama Gaudensia alifungua mlango wa gari. Alivua kandambili zake, akashusha mguu mzima kwanza, kisha ule mwingine, matope yakamfika kwenye vifundo. Alikataa mkono wa Matata, akakataa na wangu. Alitembea mwenyewe, polepole, akiinua upindo wa kitenge, mpaka akagusa ubao wa bluu. Hapo ndipo alipogeuka.

"Gari limefika, Baba Jeska," alisema. "Ni mlango uliojengwa mbali. Kesho uusogeze."

Wanahama wiki ijayo, wote wawili.

Mzee Kastori, asante kwa mbegu zilizofika kavu, kwa safari tulizolala usingizi kwa sababu wewe ulikuwa macho, na kwa kutufundisha kwamba gari, kama mtu, husalimiwa kabla ya kuombwa kazi. Mama Gaudensia, asante kwa kutuazima mume kwa muda wote huu. Tunamrudisha akiwa na maneno yake yote. Huko juu tunawaombea magoti mepesi, mazutu ya uhakika, na mvua inayotosha maharage lakini haitoshi kuizamisha Landrova.