Kola ya Mcheza Poka

Fundi cherehani aliyekaa mbele yangu kwenye treni alikuwa amepakata shati jeusi lenye kola ndefu, imesimama kama shingo ya chupa. Mwalimu mstaafu aliyekaa kando yake alishindwa kuvumilia. "Mama, hilo ni la padri?"

"La mtoto wa dada yangu. Anacheza poka. Ndiyo kazi yake."

"Kamari, basi."

"Ungemwona, mwalimu! Mezani pana fedha za kununua nyumba tatu, naye katulia kama anayengoja kunyolewa. Juzi alishika karata nzuri ajabu, akazitupa. Alimtazama mwenzake anavyopumua tu, akajua kazidiwa. Zilipofunuliwa za mwenzake, kweli kazidiwa!"

Mwalimu alisahau kubisha. Mimi nilisahau kushuka kituo changu.

"Sasa kola yote hiyo ya nini?" aliuliza mwalimu.

"Uso anautawala, mikono anaitawala. Msaliti ni mshipa wa shingo. Moyo ukienda mbio unadunda, na wale watu wanausoma kama gazeti. Ndiyo maana namshonea cha kuuficha."

Mwalimu alijigusa shingo. Nami nilikuwa nimeshaigusa yangu.

"Hata hivyo, kamari ni kamari," alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Mama yake anasemaje?"

"Dada? Anajua mwanawe ni karani wa bima." Treni ilikuwa inasimama, fundi akainuka, akalikunja shati taratibu. "Mbele ya mabingwa hufunga kifungo kimoja cha kola. Akienda kula kwa mama yake, hufunga vyote."