Kezia Kemuma, Fundi Aliyesema Jema Lina Kwao

Marehemu Kezia Kemuma Onditi alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 karibu na Ogembo, Kisii, mtoto wa tatu wa Mzee Makori na Mama Mong'ina. Alilia kwa sauti kubwa siku hiyo, na waliomjua wanasema hakuipunguza tena.

Alisoma hadi darasa la saba, akafanya mtihani mwaka 1972 na kupita vizuri. Nafasi ya sekondari ikamwendea kaka yake Mochama, ambaye baadaye alikiri kwa mdomo wake mwenyewe kwamba ilipotea njia. Kemuma hakununa. Alijifunza kushona, na mwaka 1977 akaweka cherehani yake kwenye baraza moja pale soko la Awendo, akishona sare za shule.

Hapo ndipo Levis Onditi, dereva wa trekta la miwa, alipoleta suruali iliyochanika mara tatu kwa mwezi mmodi. Mara ya tatu Kemuma aliigeuza, akaikagua.

"Hii haikuchanika. Hii imekatwa kwa wembe."

"Sasa ulitaka nije bila sababu?"

Walifunga ndoa Jumapili, tarehe 21 Desemba 1980, naye akahamia kwa wakwe zake huku Ndhiwa, Homa Bay. Mungu aliwajalia Emmaculate, kisha Dorine, na tarehe 9 Juni 1991 wakaja mapacha, Opiyo na Odongo.

Mapacha hao karibu wavunje ndoa. Mjaluo akipata mapacha, hatoki nje na watoto mpaka majirani waje wacheze na kumtukana yeye na mwenzake, ndipo nyumba itulie. Kemuma hakuwa ameambiwa. Kwao Kisii, mkwe na mkwe hupishana kwa heshima hata njiani. Asubuhi hiyo alisikia sauti ya mama mkwe wake, Mama Adhiambo, ikiongoza umati kwa maneno ambayo karatasi hii haiwezi kuyabeba mbele ya pasta. Mochama alikuwa ndiyo kwanza anafika na unga wa wimbi kwenye baiskeli.

"Nani amemwita dada yangu hivyo? Rudia!"

"Narudia!" akasema Mama Adhiambo. "Na wewe, kichwa kama jembe, tusi lako linakuja, usiwe na haraka."

Mochama alitupa unga chini. "Kemuma! Beba watoto twende nyumbani. Huyu ni mama mkwe gani?"

Kemuma alikuwa amekwisha kufunga khanga kiunoni, tayari kuondoka. Kisha akamtazama mumewe. Levis alisimama mlangoni akimwagiwa matusi, na meno yote nje kwa furaha, kama mtu anayepewa zawadi. Akakumbuka kwamba hata kwao kuna siku akina mama huimba yasiyoimbika, wasichana wakitoka unyagoni, na hakuna anayeita dhambi.

"Mochama, keti. Hizi ni pongezi."

"Pongezi gani hizi?"

"Za hapa."

Kisha akatoka mlangoni, akamrudishia mama mkwe wake tusi moja la Kikisii. Hakuna aliyelielewa isipokuwa Mochama, aliyefunika uso kwa kofia. Mama Adhiambo alishangilia kuliko wote.

Tangu siku hiyo neno lake lilikuwa moja: jema lina kwao, kila watu na lao. Mteja akimcheka Mkuria, au Mkuria akimcheka mzee wa Kijaluo kwa meno yaliyong'olewa, Kemuma alisimamisha cherehani. "Usicheke. Jema lina kwao." Mwinjilisti mmoja alimjia juu: "Dada Kezia, kama jema lina kwao, na wizi je?" Akamjibu, "Nionyeshe kwanza kijiji ambacho mwenye ng'ombe hufurahi akiibiwa, ndipo nikujibu." Mwinjilisti bado anakitafuta.

Tarehe 2 Mei 1995 Levis alifariki kwa homa ya mapafu. Mvua ikaja, paa likaanza kuvuja, na kwa desturi nyumba ya mjane haiguswi mpaka arithiwe na shemeji. Mama Adhiambo alimwita mbele ya ukoo.

"Kemuma, neno hili umetufundisha wewe. Jema lina kwao. Haya, kwao ni hapa. Shemeji yako Frankline ndiye huyu."

Kwa siku mbili cherehani haikulia. Alikuwa amefungwa kwa kamba aliyoisokota mwenyewe, naye alijua. Akikataa, angeonekana mwongo, tena bila paa. Akikubali, angeishi na jambo ambalo moyo wake haukulitaka. Siku ya tatu alirudi mbele yao.

"Mama, nimekaa hapa miaka kumi na minne. Nimezaa hapa, nimezika mume hapa. Mimi ni mgeni au ni wa hapa? Kama ni mgeni, sheria ya hapa hainifungi. Kama ni wa hapa, basi nami nina mdomo wa kusema jema la hapa ni lipi. Nilisema tusichekane. Sikusema tunyamaze."

Mke wa Frankline, Roselyn, akadakia, "Hata mimi hakuna aliyeniuliza!"

Mama Adhiambo alimgeukia mwanawe. "Frankline," akasema, "vua koti." Koti likatundikwa ukutani kwa Kemuma, lihesabiwe kuwa ndilo lililomrithi badala ya mwenyewe, kama baadhi ya koo zilivyokwisha kuanza kufanya. Frankline akanywa chai, akarudi kwa Roselyn, na kesho yake akapanda juu ya paa na nyundo. Na wajane wa jirani waliokubali kurithiwa, Kemuma hakuwasema hata siku moja. Aliwashonea.

Mwaka 1998 presha ilianza kumsumbua. Alilazwa Homa Bay, akatoka, akarudi cherehani, akalazwa tena. Alituaga Jumapili, tarehe 11 Julai 1999, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na mmoja.

Amewaacha watoto wanne: Emmaculate, Dorine, Opiyo na Odongo, kaka yake Mochama, shemeji yake Frankline na Roselyn, na mama mkwe wake, Mama Adhiambo. Wiki jana baadhi ya wazee walinong'ona kwamba koti si mume, na kwamba mjane wa namna hiyo azikwe kando ya ua, mbali na mumewe. Mama Adhiambo alijikokota na fimbo yake mpaka kwenye kaburi la Levis, akachora mstari pembeni yake.

"Mgongo wangu ulipokataa kunyooka, ni nani kati yenu aliyekuwa akinikanda kila jioni? Chimbeni hapa."

Wakachimba. Kezia, mama, lala hapo kwa amani ya Bwana.