Mwalimu Kona na Kigoda cha Nne

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1953, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baiskeli ya baba yake. Mama yake alikuwa mshonaji wa magunia. Marehemu alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Mkunga alisema mtoto huyu hakulia. Alifumbua macho, akatazama kila pembe ya chumba moja baada ya nyingine, kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kupanga. Jina lake mnalijua na limeandikwa kwenye jalada la kijitabu mlichoshika. Hapa tutamwita kama mtaa ulivyomwita kwa miaka hamsini: Mwalimu Kona.

Alianza shule Januari 1960. Darasa lilikuwa moja na watoto walikuwa wengi kama siafu, wamebanana kwenye mabenchi wakitazama ubao. Alikaa benchi la mwisho mwaka mzima bila kuulizwa swali hata moja. Siku ya kufunga shule mwalimu alimwona mlangoni akamwuliza, “Wewe mtoto, umemfuata nani hapa?” Jambo hilo hakulisahau. Nyumbani alichora herufi kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, a e i pembe ya spana, o u pembe ya matairi, akamwamuru kaka yake mkubwa ahame pembe kila alipobonyeza kengele ya baiskeli. Kaka hakuwahi kupelekwa shule. Alijua kusoma kabla mvua hazijaanza, na ndiye anayewasomea maneno haya.

Alisomea ualimu wa watoto wadogo mwaka 1972 na 1973, na Januari 1974 alipewa darasa katika shule ya awali iliyo nyuma ya kiwanda cha matofali. Wiki ya kwanza aliyatoa mabenchi yote nje. Mkuu wa shule alikuja mbio akidhani kuna moto.

“Sasa watoto watatazama wapi, mwalimu?”

“Watatazamana.”

Aligawa chumba katika kona tano: ya maji, ya mchanga, ya vitabu, ya vizibo vya kuhesabia, na ya nyumba, ambako watoto walipika na kugombana kama watu wazima. Aliwapanga wanne wanne. Hakuwachukua jinsi walivyokuja. Aliwatazama kwanza siku nyingi, kisha akachanganya: mwenye maneno, mkimya, mbabe, na mpole wa kumtuliza mbabe. Kila mtoto alikuwa na kibanio cha nguo chenye picha aliyoichagua mwenyewe, jogoo, ufunguo, kiatu, akakibana kwenye kamba ya kona aliyopo. Kamba ikiwa na vibanio vinne, kona imejaa. Hapakuwa na kusukumana wala kumlilia mwalimu. Mtoto aliyechelewa alitazama kamba, akasema mwenyewe, “Pamejaa,” akaenda kwingine. Kengele ya baiskeli ikilia, kundi zima lilihama kwenda kona iliyo kushoto kwake. Watu wazima wa mtaa huu, wakiwemo waheshimiwa wawili waliokaa mstari wa mbele hapa, hadi leo wakisikia kengele ya baiskeli wanasogea kushoto.

Meza na vigoda ndivyo vilivyompa mume. Mwaka 1977 alikwenda kwa fundi seremala wa karibu na kituo cha treni kuagiza meza fupi, kila moja na vigoda vinne. Fundi alipima kwa kiganja, akacheka.

“Dada, hivi ni vya watu au vya kuku?”

“Vya watu wenye akili kukuzidi.”

“Basi na mimi nitajitengenezea kimoja, nije nifundishwe.”

Walifunga ndoa tarehe 19 Agosti 1978, wakajaliwa binti mmoja. Fundi huyo alitangulia mwaka 2005. Vigoda vyake havijawahi kulegea mguu. Siku zile mtu akigongomea msumari, alikuwa anamgongomea mtu asiyezaliwa bado. Leo unanunua kiti asubuhi, jioni unaokota vipande.

Katika kundi moja la mwaka 1986 alikuwamo mtoto wa kike ambaye picha yake ilikuwa kijiko, kwa hiyo wote walimwita Kijiko. Alikuwa mkimya wa kundi lake. Kazi yake aliyoipenda ilikuwa moja: kujaza kijiko, mchanga au maji, kukiinua hadi usawa wa jicho na kumwaga polepole mpaka kiishe. Mama yake alifua nguo za watu. Likizo ndefu ya mwaka huo, homa ya siku chache tu ilimchukua Kijiko, akafa.

Shule ilipofunguliwa, Mwalimu Kona alikiweka kibanio cha kijiko kwenye mkoba wake, akamleta mvulana mnene kutoka kundi lingine akae kwenye kigoda kilichobaki. Mvulana alifika meza ya mchanga, akasimama.

“Kaa, baba.”

“Pamejaa, mwalimu.”

“Wako watatu tu. Hebu tazama.”

Mvulana alitazama. Wale watatu nao walimtazama mwalimu kama anavyotazamwa mtu anayeuliza mchana kama kumekucha. Kisha waliendelea kuchota mchanga, wakipitisha mikono kwa uangalifu kukizunguka kigoda kitupu ili wasimguse aliyekaa.

Aliona ni majonzi ya watoto, akawaachia. Watoto wale walipanda darasa la kwanza, wakaja wapya. Kundi jipya lilifika kwenye meza ile, watatu wakaketi, wa nne akageuka. “Pamejaa.” Mwalimu aliuliza ni nani aliyepo hapo. Hawakumjua jina. “Yule anayemwaga,” wakasema.

Walimu wenye vyeti walisema watoto wameambiwa na kaka na dada zao. Labda. Lakini mwaka uliofuata kiwanda kilileta mafundi wapya na familia zao kutoka mbali, na watoto wao waliingia darasani hawajaijua hata njia ya kwenda dukani. Nao walikaa watatu. Nao walisema pamejaa. Tangu hapo Mwalimu Kona aliacha kushindana. Alikitoa kibanio cha kijiko mkobani na kukibana kwenye kamba, na kila alipopiga kengele alikihamisha pamoja na kundi. Mara nyingine alikuta kimekwisha kuhama.

Mama yake Kijiko alikuwa akipita dirishani na beseni la nguo kichwani. Hakuingia kamwe.

“Yuko wapi leo?”

“Leo wako kwenye maji, mama.”

“Amelowa?”

“Kidogo tu.”

“Haya. Kazi njema, mwalimu.” Na aliondoka ameinua shingo, akaweza kufua siku nzima. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao kwa miaka ishirini na sita.

Aliwahi kuja mkaguzi, mwaka 1994. Alikuta kundi lina pengo, akamwonya mwalimu kwamba kigoda kitupu ni upotevu wa nafasi, na ili kuonyesha mfano akakikalia yeye mwenyewe. Watoto watatu waliacha kumwaga. Walirudisha vigoda vyao nyuma kidogo, wakamtazama. Mkaguzi aliinuka taratibu, uso umebadilika rangi. Alisema, “Samahani, mwanangu,” na hakumwambia yeyote kati ya wale watatu. Taarifa yake haikutaja pengo.

Mwalimu Kona alistaafu tarehe 14 Machi 2013. Aliyempokea alikuwa kijana mwenye shahada, akairudisha safu ya madawati, na baada ya muda vikaja vioo vya kugusa, kila mtoto na chake. Sasa ukipita dirishani husikii ugomvi wala kicheko. Wameinamisha vichwa kama waliokosea. Huo ndio tunaoambiwa ni uelewa mpana. Meza zilitupwa stoo. Mwalimu Kona alikwenda na mkokoteni, akachukua meza moja, vigoda vinne, kamba, kibanio cha kijiko na kengele. Aliviweka uani kwake, chini ya upenu, akajaza mchanga. Watoto wa majirani hawakuitwa. Walikuja wenyewe, watatu watatu. Mama yake Kijiko alianza kupita kwenye uzio badala ya dirisha.

Miaka mitatu iliyopita figo zilianza kumsumbua, miguu ikavimba. Kitanda chake kilihamishiwa chumba kinachotazama uani. Hakuogopa kufa, na hilo tunalisema si kwa kumpamba. Alikuwa na hofu moja tu, aliyomweleza binti yake zaidi ya mara moja.

“Nikiondoka, nani atamwachia nafasi?”

“Mama, kile ni kigoda tu.”

“Ndicho ninachokiogopa. Mtasema ni kigoda tu. Atakuja mgeni atataka kukalia kitu, mtampa. Na mama yake akipita akauliza, mtamjibu nini?”

Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, hakuweza tena kuinua mkono. Kulipopambazuka vizuri watoto walikuja kama kawaida. Binti yake alikuwa jikoni akichemsha maji aliposikia kengele ikilia mara moja, akafurahi kwamba mama amepata nguvu. Aliingia akamkuta ametulia, mikono yote miwili chini ya blanketi, jinsi alivyomfunika mwenyewe. Kengele ilikuwa dirishani, mbali na kitanda. Uani watoto walikuwa wamekwisha kuhama upande wa kushoto wa meza.

Jana, nyumba ikiwa imejaa wafiwa, mama yake Kijiko aliingia ndani ya uzio kwa mara ya kwanza. Mvi zimemjaa sasa. Viti vilikuwa havitoshi, na shemeji mmoja alikuwa ameanza kukusanya chochote cha kukalia. Alishafika kwenye ile meza na mkono ameunyoosha. Binti wa marehemu alipiga kelele ambayo hakuwahi kuipiga maishani mwake: “Acha! Hapo pana mtu!” Shemeji aliuondoa mkono.

Ndipo wote tulipotazama vizuri. Mezani walikaa watoto wawili tu. Mjukuu wa marehemu, ambaye siku zote ni wa tatu, alikuwa amesimama pembeni amenuna.

“Na wewe mbona hukai?” Bibi Mvi, kama mtoto anavyomwita mama yake Kijiko, alimwuliza.

“Pamejaa.”

Mama yule alivitazama vigoda viwili vitupu, vimesogezwa karibu karibu. Katikati ya meza mchanga ulikuwa na vichuguu viwili vidogo, vyenye ncha kali, kama vile vinavyobaki mtu akimwaga polepole. Hakuuliza yuko wapi leo. Alivuta kanga yake, akaketi chini, palepale ardhini, akakaa nao mpaka jua likazama.

Marehemu ameacha binti mmoja, mkwe, wajukuu watatu, kaka yake mkubwa, na watu wengi ambao kwa mara ya kwanza waliulizwa swali wakiwa wamekaa mezani kwake. Familia inawaomba mnaorudi nyumbani baada ya maziko msikae kwenye vigoda vya uani. Viti vingine vimeazimwa vya kutosha.

Apumzike kwa amani hapo alipoketi.