Andrea Chilumba na Maji ya Ruvuma

Ndugu waombolezaji, kazi hii ilikuwa ya wajukuu waliosoma, lakini wote wameinamisha vichwa wakanisukuma mimi, bibi yao wa darasa la pili, nisimame juani na miguu imevimba, basi mtanisikiliza nitakavyosema.

Mjukuu wangu Andrea Yohana Chilumba alizaliwa Madimba tarehe 14 Machi 1988, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia 1996 hadi 2002, akamaliza kidato cha nne mjini Mtwara mwaka 2006, hakufaulu sana, tusimpambe.

Mwaka 2009 aliajiriwa studio ya picha, baadaye akashika kazi ya picha za wanyama, kuzitengeneza kwenye kompyuta na kuzikosoa za wenzake, na mezani pake, Magomeni, aliweka chupa ya maji ya Ruvuma, yale ya mdomoni mwa mto, rangi ya chai ya maziwa, na kila picha ya kiboko aliipima rangi ya maji kwa chupa ile, akiitikisa kwanza ili tope lipande. Ukimletea picha ya ndege uliyoizidishia ukali kwenye kompyuta hadi manyoya yamesimama kama miiba, atakuuliza, "Kaka, huyu ndege au nungunungu?"

Alifunga ndoa na Leokadia tarehe 20 Septemba 2014, wakajaliwa watoto wawili, Regina na Faraji.

Mwaka 2019 picha yake ya viboko wa Ruvuma ilitundikwa kwenye maonyesho mjini Mtwara, maji ya bluu kama shuka la hotelini, wavuvi wa Msimbati wakacheka mpaka wakakaa chini, wenzake wakamwita mwongo, wakamwondoa kwenye kamati ya kukagua picha, naye hakujitetea, aliniambia tu, "Bibi, yaache," na mtoni hakwenda tena.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2024, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, hadi alipofariki hospitalini tarehe 9 Juni 2025.

Juzi mdogo wake Goodluck, aliyekuwa akifanya naye kazi, alileta picha ya kuweka kwenye jeneza, kamfanya marehemu mweupe kama kamwagiwa unga, kovu la nyusini kalifuta, nikamwambia, "Huyu simjui, kamzike mwenyewe," akaketi chini, akalia, akasema hata yale maji ya bluu aliyapaka yeye, akaipeleka picha kwa jina la kaka yake bila kumwuliza, na Andrea alijua, akanyamaza ili amsitiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani wa Magomeni mliolala matangani, na ninyi wapiga picha mliokuja, pamoja na mliomwondoa.

Picha mnayoiona imetengenezwa upya, weusi wake umerudi, kovu lipo, Goodluck ameibeba mwenyewe mbele ya jeneza tangu nyumbani, lakini hiyo haitoshi, nikikaa mimi atasimama yeye, awaambieni kwa mdomo wake aliyoniambia, ndipo jeneza literemshwe.

Lala kwa amani, Andrea.

Goodluck, njoo.