Bi Miwani na Sentensi ya Bawabu

"Nilivua miwani nifute jasho, sikuvua nifunge hadithi. Hata kipofu angeona."

Hayo ndiyo malalamiko ambayo marehemu, aliyejulikana na wengi kwa jina la Bi Miwani, alimpelekea wifi yake kwa zaidi ya miaka thelathini: jikoni, barabarani, kwenye harusi za watu, na mara moja kwenye kiti cha daktari wa meno huku mdomo umejaa pamba. Wifi naye hakukosa jibu hata siku moja. "Miwani ikishuka, muziki unapanda. Sheria uliitunga mwenyewe, wifi." Aliyekuja leo akidhani atasomewa maisha ya mtu mpole amekosea msiba. Marehemu alikuwa mwema sana, lakini mpole hapana.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1953, mtoto wa kwanza wa mpanga herufi wa kiwanda cha uchapaji na mshona magodoro, katika nyumba ya vyumba viwili iliyoshikana ukuta na kiwanda chenyewe. Mashine zikiwashwa, vikombe vilitembea kabatini. Baba alikuwa akirudi na karatasi zilizoharibika, wino umejaa upande mmoja, na mtoto akajifunza kusoma kwa matangazo ya mnada, ratiba za treni na maelezo ya dawa ya minyoo. Aliyasoma kwa kelele, kila tangazo na sauti yake. Mama alicheka mpaka sindano ikampotelea ndani ya godoro la watu. Baba naye alicheka, ila kicheko chake hakikuwa na sauti. Mabega yalitikisika, mkono ukapiga goti mara mbili, basi, kimekwisha. Ukigeuka kutazama ukuta umekikosa. Marehemu aliutumia utoto wake wote kukitafuta kicheko hicho.

Alisoma shule ya msingi ya mtaa wa pili, akamaliza mwaka 1967, kisha akaendelea na sekondari ya wasichana kwa miaka minne. Akiwa darasa la tano alipewa asome kipande cha kitabu kuhusu ugonjwa wa miguu na midomo. Alikisoma kana kwamba ng'ombe mwenyewe ndiye anayejieleza kwa daktari, tena ng'ombe mwenye haya. Mwalimu alimtoa nje. Baada ya muda mfupi mwalimu naye akatoka, akaegemea ukuta wa darasa akifuta macho, maana hakuweza kuendelea na somo.

Mwaka 1972 aliajiriwa mapokezi ya hospitali, kazi yake ikiwa kuita wagonjwa. Aliita kwa namna ambayo mabenchi yote yalitulia yamsikilize, na wako waliokuja na kikohozi ambacho hakuna daktari aliyekigundua. Muuguzi mmoja wa wodi ya wazazi, mpiga ngoma hodari siku za mapumziko, alimtazama kwa wiki kadhaa, kisha akamwambia, "Dada, huu si mlango wa hospitali tena, ni jukwaa. Tafuta jukwaa lenye viti." Hivyo ndivyo lilivyozaliwa, mwaka 1978, kundi la Kicheko na Kinanda: wanawake watano na gari kuukuu la mkate, ambalo miaka yote halikuacha kunuka mkate, kwa hiyo walifika kila mji wakiwa na njaa. Walizunguka kumbi za shule, mabwalo ya wafanyakazi wa reli, hata chumba cha kusubiria abiria, treni ilipochelewa. Mmoja alisoma hadithi za kuchekesha alizozitunga mwenyewe. Wanne waliimba na kupiga vyombo.

Wapigaji walikaa nyuma yake na hawakukiona kitabu, kwa hiyo marehemu aliweka sheria. Akimaliza sentensi ya mwisho, anavua miwani. Miwani ikishuka, kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma kifuani, inaingia juu ya kicheko cha watu na kukibeba. Ikiingia mapema inakiua. Ikichelewa, watu wanaanza kutafuta viatu vyao.

Gari liliendeshwa na fundi redio, kaka wa mpiga kodiani. Kijana huyo alizisikia hadithi mara nyingi, akawa anacheka kabla ya wakati, nyuma kabisa ya ukumbi, peke yake. Marehemu alimfuata siku moja akiwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana. Akaiambia miguu, "Chagua moja. Ama unyamaze, ama unioe." Walioana tarehe 20 Agosti 1983. Kunyamaza hajanyamaza mpaka leo. Na mpiga kodiani, aliyekuwa rafiki tu, akawa wifi, ugomvi wao ukapata uhalali wa ukoo. Walijaliwa watoto wawili, ambao walilala utotoni mwao ndani ya masanduku ya vyombo vya muziki.

Tarehe 9 Novemba 1990, kundi lilikuwa kwenye bwalo la kiwanda cha sabuni. Baba yake marehemu hakuwa amewahi kuja kumwona. Alikuwa akisema maandishi ni ya kusomwa, si ya kuchezewa uso. Siku hiyo alikuja, na koti lake la harusi, akakaa safu ya tatu karibu na nguzo. Marehemu akasoma hadithi mpya, ya bawabu aliyepewa duka la kulinda. Bawabu huyo alikuwa mwaminifu kupita kiasi, mwenye duka mwenyewe alipofika akamkatalia kuingia. Mwenye duka akaleta ufunguo, bawabu akasema hata mwizi ana ufunguo. Akaleta mke, bawabu akasema wake wa watu wako wengi. Akaleta majirani, polisi na mkunga aliyemzalisha. Mwishoni bawabu akaridhika, akamfungulia. Mwenye duka akaingia, akachukua begi lake, akatoka. Bawabu akamwekea mkono kifuani, akasema...

Hapo ndipo jasho lilipomwingia machoni. Lilikuwa joto la sabuni inayochemka ukuta wa pili. Akavua miwani. Kodiani ikalia, ngoma ikafuata, watu wakapiga makofi kwa adabu wakidhani wamekosa kuelewa. Baba naye akapiga makofi kwa adabu, mabega yake yametulia kabisa.

Asubuhi yake, mezani, mzee akauliza, "Kwani bawabu alisemaje?"

"Mwisho hausemwi juu ya vikombe vya chai, baba. Mwezi wa pili tunarudi palepale. Njoo."

Mwezi wa pili hakuufikia. Alifariki usingizini tarehe 27 Januari 1991. Marehemu hakuisoma hadithi hiyo tena, ukumbi wowote, ingawa watu waliiomba. Wengi waliosikia ugomvi wa mawifi hawa walidhani ni wa miwani, wakaongeza chumvi na kucheka. Haukuwa wa miwani. "Una deni langu," alikuwa akimwambia wifi yake wakibaki wawili. "Kicheko cha baba yangu."

Pamoja na hayo walisafiri wote mpaka kundi lilipopumzika mwaka 2009, kiti cha mbele wakigombania, chakula wakila sahani moja.

Mwaka 2021 moyo wa marehemu ulianza kuchoka. Daktari alimkataza chumvi, ngazi na hasira. Chumvi aliacha. Ngazi aliacha. Tarehe 9 Oktoba 2023 alilazwa, na wodi nzima ikajua nani kaingia. Alifariki Jumapili tarehe 15 Oktoba, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini.

Ameacha mume, fundi redio, watoto wawili, mmoja nahodha wa kivuko na mwingine mwalimu wa muziki, wajukuu wanne, wote wenye midomo, mdogo wake, mshona mapazia, aliyeandika na anayesoma wasifu huu, wanakundi wenzake wawili, na wifi.

Limebaki la deni.

Siku tatu kabla hajatutoka, wifi alikuwa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda akimenya chungwa. Mdogo wake marehemu alikuwa akikunja mashuka. Marehemu akaanza, kama kawaida yake.

"Wifi, mimi naondoka, na deni langu bado unalo."

Wifi hakuinua uso. "Sina. Nililipa."

"Ulimlipa nani?"

"Mwenyewe. Mzee alinikuta uani kwangu nafua, hata mwaka ule haujaisha. Akasema, 'Yule mwenzio ana kiburi, hataki kuniambia. Niambie wewe.' Nikamwambia."

Marehemu akajiinua kwenye mto, jambo alilokatazwa. "Ulimsomea wewe? Kwa sauti hiyo ya kufukuzia kuku?"

"Kwa hiihii. Nikamwambia, bawabu kamwekea mkono kifuani, kasema: 'Kuingia nimekuruhusu, bosi. Kutoka na mzigo, kamlete mwenye duka.'"

Mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, alianza kucheka huku ameshika mshono wake, anaomba asaidiwe. Marehemu hakucheka.

"Naye alifanyaje?"

Wifi akaliweka chungwa. Mabega yake yakaanza kutikisika, kimya, na mkono ukapiga goti, mara mbili.

Marehemu alimtazama muda mrefu. "Na miaka yote hii umekaa nalo?"

"Aliniapisha. Alitaka mwezi wa pili arudi palepale kwenye nguzo, ajifanye hajui, umwone anavyocheka. Akafariki. Mimi nikaogopa. Kuharibu mwisho wako ungenisamehe, wifi. Kuusema mimi, na mtu akacheka, usingenisamehe."

"Kweli, nisingekusamehe. Basi, limekwisha. Sikudai. Lakini ningeusema mimi, angepiga goti mara tatu."

Kisha akavua miwani, akaiweka juu ya shuka. Kodiani ilikuwa nyumbani. Wifi akaupiga wimbo wa kufunga kwa mdomo tu, na safari hii aliingia mahali pake barabara.

Apumzike kwa amani Bi Miwani. Na kama huko mlangoni yupo bawabu, amwachie apite. Mzigo hana.