Kidole Gumba cha Fundi Vigae

Fundi vigae alikaa kwenye kiti cha mbele cha basi, kikapu kitupu magotini, hasira bado mbichi. Keshia aliyemkatalia dukani muda mfupi uliopita akapanda, akaona haya kumpita, akakaa ubavuni kwake.

“Shikamoo, mama. Usinichukie, si mimi niliyekataa malipo yako, ni ile mashine ya kusoma vidole.”

“Marahaba. Nimeigusa mara nne, na mara nne imesema hainijui.”

“Saruji imekula alama za vidole vyako, mama. Na namba ya siri tumeiondoa kwa usalama wako, wezi walikuwa wanaichungulia.”

“Kwa hiyo mwizi hali, na mimi sili.”

Keshia akacheka bila kutaka. “Msajili binti yako, awe anaweka kidole chake. Ni rahisi.”

“Rahisi kwa nani? Ninunue unga wa jasho langu kwa kidole cha kuazima? Akiolewa je, nimfuate na kikapu?”

Fundi hakuwa amesahau kitu. Walidai sahihi, akajifunza kuandika ukubwani. Wakadai namba, akaikariri. Sasa wanadai ngozi, nayo ameiacha kazini.

“Ile sakafu ya duka unayosimama juu yake kutwa nzima niliiweka mimi, kigae baada ya kigae. Umewahi kujikwaa?”

“Hata siku moja.”

“Basi alama zangu ziko pale. Wakazisome.”

“Lakini mama, usalama...”

Kituo chake kilikuwa kimekaribia. Fundi akainua kidole gumba kilekile kilichokataliwa na mashine, akabonyeza kengele. Ikalia, basi zima likasimama.

“Umeona?” akasema, akashuka na kikapu chake kitupu, kichwa juu.